Kubadilisha Moyo wa Tarakilishi ya Nyumbani: Ubao Mkuu, Prosesa na RAM

Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya kiusalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha waliongezewa muda hadi Oktoba 2026, lakini huo ulikuwa muda wa kufungasha virago, si wa kukaa. Tangazo hilo liliwagusa wanafunzi wengi wa vyuo vyetu. Aghalabu mwanafunzi hununua tarakilishi ya mezani iliyokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya au Marekani, ikaletwa Mombasa ndani ya kontena na kupata mwenyewe wa pili jijini Nairobi. Mashine hiyo huwaka kila asubuhi, huchapa tasnifu bila malalamiko, na hata hivyo Windows 11 huikataa. Fundi akiulizwa, hujibu kwa maneno machache: "Hii imeisha, bosi. Nunua ingine."

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo ni la kweli kwa baadhi ya mashine na si la kweli kwa nyingine, na kwamba anayeamua ni kipande kimoja tu kilichomo ndani ya kasha, yaani ubao mkuu. Mtu akiufahamu ubao wake kabla hajatoa pesa, atajua kama anahitaji kubadilisha prosesa peke yake, au ubao, prosesa na RAM kwa pamoja, au asibadilishe chochote. Asipoufahamu, atarudi nyumbani na kipuri kizuri kisichoingia popote, na maduka yetu mengi hayana desturi ya kurudisha pesa.

Neno kuhusu Istilahi

Wasomaji wa jarida hili wanaujua fika mjadala wa tarakilishi, ngamizi na kompyuta, na hatutaufufua hapa. Jambo la kusikitisha ni kwamba mjadala huo uliishia mlangoni: tulibishana kuhusu jina la nyumba na kuviacha vyumba vyake bila majina. Kwa hivyo mwanafunzi anayeweza kutofautisha kishazi tegemezi na kishazi huru hujikuta amebaki kunyoosha kidole anapofika Luthuli Avenue kununua kipuri.

Katika makala haya tutaita prosesa kile kifaa kinachotekeleza maagizo ya programu. Wapo wanaosema kichakataji, nalo ni neno zuri, ila muuzaji wa vipuri halijui bado. Ubao mkuu ni ule ubao mpana, aghalabu wa rangi ya kijani au nyeusi, ambao vifaa vingine vyote hupachikwa juu yake. Mafundi huuita madabodi. RAM tutaiacha kama ilivyo. Vitabu vingi vya shule huiita kumbukumbu, na hapo ndipo wanafunzi hupotoshwa, kwa sababu RAM haikumbuki chochote stima ikipotea. Ingefaa kuilinganisha na jamvi. Unapofungua sura tatu za tasnifu, kamusi na kurasa kumi za intaneti, vyote hutandazwa juu ya jamvi hilo ili prosesa ivifikie kwa haraka. Ukizima mashine, jamvi hukunjwa. Kinachokumbuka ni diski.

Ubao Mkuu Ndio Mwenye Nyumba

Vifaa vitatu tunavyoviita moyo wa tarakilishi, yaani ubao mkuu, prosesa na RAM, havilingani kimamlaka. Prosesa na RAM ni wageni, na ubao ndio mwenyeji anayeamua ni mgeni gani atakayeingia. Uamuzi huo hupitia milango kadhaa.

Mlango wa kwanza ni soketi, yaani kile kitako cha mraba ambacho prosesa hukalia. Kila soketi ina jina, na kwa prosesa za Intel jina hilo hutokana na idadi ya miguso yake. LGA1150 ya mwaka 2013 ina miguso 1,150, LGA1200 ya mwaka 2020 ina 1,200, nayo LGA1700 iliyozinduliwa mwaka 2021 ina 1,700. Prosesa ya soketi moja haiingii katika soketi nyingine, na wala hakuna adapta ya kuziunganisha. Kampuni ya AMD nayo ilitumia soketi ya AM4 kwa prosesa zake za Ryzen kuanzia mwaka 2017, kisha ikaanzisha AM5 mwaka 2022.

Laiti tatizo lingekuwa la kulinganisha nambari tu, lingekuwa jepesi. Mwaka 2015 Intel ilitoa soketi ya LGA1151 kwa ajili ya prosesa za kizazi cha sita, na kizazi cha saba kikaitumia pia. Kizazi cha nane kilipotoka mwaka 2017, soketi yake ilikuwa na umbo lile lile na jina lile lile, lakini mpangilio wa baadhi ya miguso ulibadilishwa, na prosesa hizo zikahitaji mbao za mfululizo wa 300. Kwa lugha ya darasani, LGA1151 ni kitawe: umbo moja, maana mbili. Mtu mwenye ubao wa mwaka 2016 anaweza kununua prosesa ya kizazi cha nane akitumaini kuipata Windows 11, akaipachika bila kizuizi chochote, na mashine isiwake. Muktadha ndio hutoa maana ya kitawe, na hapa muktadha ni chipseti, yaani zile saketi za ubao zinazoratibu mawasiliano kati ya prosesa na vifaa vingine. Jina la chipseti huandikwa juu ya ubao au katika kijitabu chake, mathalani H110, B360 au B450.

Mlango wa pili ni BIOS, programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya ubao ambayo huamka kabla ya Windows. BIOS ndiyo inayoitambua prosesa. Ubao unaweza kuwa na soketi inayofaa na chipseti inayofaa, ukamkataa mgeni kwa sababu BIOS yake ni ya kale na haijawahi kusikia jina lake. Kasoro hii hutibika, kwani watengenezaji huweka matoleo mapya ya BIOS katika tovuti zao pamoja na orodha ya prosesa zote ambazo kila ubao hukubali. Orodha hiyo ndiyo hati ya kusomwa kuliko nyingine yoyote katika shughuli hii nzima.

Mlango wa tatu ni nafasi za RAM. RAM za tarakilishi za mezani zilizomo sokoni ni za vizazi vitatu: DDR3, DDR4 na DDR5. DDR3 ina miguso 240, nazo DDR4 na DDR5 zina 288 kila moja. Mkato mdogo ulio kwenye ukingo huwekwa mahali tofauti katika kila kizazi ili mtu asikosee, na umeme unaohitajika pia hutofautiana: volti 1.5 kwa DDR3 ya kawaida, 1.2 kwa DDR4 na 1.1 kwa DDR5. Anayelazimisha kwa nguvu za kidole gumba atavunja nafasi ya ubao. Isitoshe, RAM ya tarakilishi ya mapajani ni fupi na haina nafasi katika ubao wa kawaida wa mezani.

Ipo pia milango ya umeme na ya kasha, ila hiyo tutaielewa vyema zaidi kupitia mfano.

Dell OptiPlex 9020: Pale Fundi Anaposema Kweli

Hebu tuichukue Dell OptiPlex 9020, mashine ya ofisi iliyotoka mwaka 2013. Ndani yake mna prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, aghalabu Core i5-4570 au i5-4590 yenye viini vinne, katika soketi ya LGA1150. RAM yake ni DDR3. Windows 11 huitaka prosesa ya Intel iwe ya kizazi cha nane au cha baadaye, pamoja na chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0. Mashine hii haina hata kimoja kati ya hivyo viwili. Zipo hila za kuisakinisha Windows 11 kwa nguvu, lakini Microsoft haizitambui, nasi hatuwezi kumshauri mtu aiweke tasnifu yake juu ya msingi ambao mwenye mfumo mwenyewe ameukana.

Je, moyo wake unaweza kubadilishwa? Prosesa kubwa zaidi zinazokubalika katika soketi hiyo, kama vile Core i7-4790, nazo ni za kizazi cha nne. Zitaongeza kasi kidogo, lakini hazitaufungua mlango wa Windows 11. Basi mtu atafikiria kuung'oa ubao na kuweka mpya. Hapo ndipo anapokumbana na jambo ambalo muuzaji hakumtajia. Tarakilishi ya kuungwa hupokea umeme wa ubao kupitia plagi ya pini 24, ilhali OptiPlex 9020 hutumia plagi yake yenyewe ya pini 8. Kwa hivyo kisanduku cha umeme kilichomo hakiwezi kuuhudumia ubao wa kawaida. Hata waya wa kitufe cha kuwashia mashine una kichwa chake cha pekee. Ukibadilisha ubao, itakulazimu ubadilishe prosesa, RAM, kisanduku cha umeme na, kwa kweli, kasha lenyewe. Kitakachosalia ni diski, skrini, kibodi na kipanya.

Kwa mashine ya namna hii basi, fundi anasema kweli kuhusu moyo. Ila anakosea anapodai kwamba mashine yenyewe imekufa. Kabla ya kuitupa, ni vyema tujiulize ni kipi hasa kinachoikwamisha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati mashine inapozubaa, kisha utazame asilimia zinazojitokeza. Ikiwa diski imefika 100 huku prosesa ikiwa chini ya 20, prosesa inasingiziwa dhambi isiyokuwa yake. Diski ya zamani inayozunguka hulazimika kusogeza mkono wake huku na kule ikitafuta vipande vya faili. SSD haina kinachosogea, na hata ile ya kebo ya SATA, ambayo OptiPlex 9020 huikubali bila tatizo, husoma takribani megabaiti 500 kwa sekunde. Ikiwa ni RAM iliyojaa, hasa kwa mwenye gigabaiti 4, kuongeza hadi 8 au 16 kutampa nafuu ya papo hapo. Ni prosesa tu inapokaa karibu na 100 kwa muda mrefu ndipo tunapoweza kuilaumu kwa haki.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayehariri video za ngoma alizorekodi nyanjani ataifikia hali hiyo. Anayechapa sura za tasnifu hataifikia kamwe. Huyu wa pili anaweza kuipa OptiPlex yake SSD na gigabaiti 8 za DDR3 zilizotumika, akaweka mfumo wa Linux pamoja na LibreOffice, na asiione Windows tena. Jambo hili si geni kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili katika menyu zake. Na asiyeweza kuachana na Windows aghalabu hufanya vyema kununua mashine nyingine ya ofisi iliyotumika, ila ya kizazi cha nane au zaidi, mathalani OptiPlex 7060 ya mwaka 2018, kuliko kujaribu kuipandikiza moyo ile ya 2013.

Ryzen ya Mwaka 2017: Pale Fundi Anapokosea

Mfano wa pili una sura tofauti kabisa. Tuseme mtu alijiungia tarakilishi mwaka 2017 kwa prosesa ya Ryzen 3 1200 na ubao wa AM4 wenye chipseti ya B350, katika kasha la kawaida. Windows 11 huzikataa Ryzen za mfululizo wa 1000, na kwa mtazamo wa juujuu mashine hii iko katika janga sawa na OptiPlex. Fundi mwenye haraka atatamka hukumu ile ile.

Lakini ubao huu una historia nyingine. Mwaka 2022 AMD iliruhusu mbao za chipseti za mfululizo wa 300 zipokee prosesa za Ryzen 5000, na watengenezaji wa mbao wakatoa BIOS mpya kwa ajili hiyo. Mtu huyu basi anaweza kuitoa prosesa yake yenye viini vinne, akapachika Ryzen 5 5600 yenye viini sita, akaendelea kutumia ubao ule ule, RAM ile ile ya DDR4 na kisanduku kile kile cha umeme. TPM 2.0 nayo imo katika prosesa yenyewe na huwashwa katika BIOS. Amebadilisha kipande kimoja kisichozidi ukubwa wa biskuti, na mashine imekubalika.

Lipo sharti moja ambalo likisahauliwa huharibu kila kitu. BIOS mpya iwekwe kabla prosesa ya zamani haijatolewa. Prosesa mpya haiwezi kuuamsha ubao usioitambua, na ubao usioamka hauwezi kupokea BIOS kwa njia ya kawaida, hivyo aliyeitupa au kuiuza prosesa ya kwanza hubaki njia panda. Aidha, stima ikipotea katikati ya zoezi hilo, ubao unaweza kufa usifufuke. Anayeishi mtaa ambao taa huzimika bila hodi aiunganishe mashine na UPS kwanza, au aifanyie kazi hiyo mahali penye jenereta. Dakika tano zinatosha, lakini lazima ziwe tano kamili.

Kununua Moyo Mpya Wote

Kati ya mifano hiyo miwili yumo mtu wa tatu: ana kasha la kawaida na kisanduku kizuri cha umeme, ila ubao wake umefika mwisho wa ukoo. Huyu ndiye anayehitaji kununua ubao, prosesa na RAM kwa mkupuo mmoja.

Swali lake la kwanza liwe RAM, kinyume cha desturi ya kuanza na prosesa. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda kwa kasi duniani, kwa kuwa viwanda vichache vinavyoitengeneza viligeukia mahitaji ya vituo vya data vya akili unde. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kwamba itaacha kuwauzia watumiaji wa kawaida RAM na SSD za jina la Crucial. Kwa hivyo mwenye gigabaiti 16 za DDR4 katika mashine yake ya zamani ana mali asiyopaswa kuiacha. Anaweza kuchagua ubao wa AM4, au ubao wa LGA1700 uliotengenezewa DDR4, akahama na RAM yake. Lazima tutilie mkazo maneno hayo ya mwisho: mbao za LGA1700 huja katika namna mbili, za DDR4 na za DDR5, na ubao wa namna moja hauipokei RAM ya namna nyingine. AM5 hutumia DDR5 pekee. Faida ya AM5 ni kwamba AMD imeahidi kuiendeleza hadi mwaka 2027 na kuendelea, hivyo anayeinunua ana matumaini ya kubadilisha prosesa peke yake siku za usoni, kama yule mtu wa B350.

Swali la pili ni picha. Tarakilishi nyingi za nyumbani hazina kadi ya picha ya pembeni. Skrini hupata picha kutoka sehemu iliyomo ndani ya prosesa. Si kila prosesa inayo sehemu hiyo. Kwa mwanamofolojia jambo hili litaeleweka upesi, kwani maana hubebwa na kiambishi tamati. Kwa Intel, herufi F mwishoni mwa jina, kama katika Core i5-12400F, ni kikanushi: haina picha. i5-12400 isiyo na F inayo. Kwa AMD wa AM4, mambo ni kinyume. Ryzen 5 5600 haina picha, na ni herufi G katika Ryzen 5 5600G inayoileta. Yule mtu wetu wa B350 ataelewa sasa kwa nini hawezi kuitoa kadi yake ya picha, kwani hata Ryzen 3 1200 yake haikuwa na picha ya ndani. Prosesa za F huwa na bei ya chini kidogo, na muuzaji huziweka mbele kwa sababu hiyo. Anayenunua bila kujua ataunganisha kila kitu sawasawa na kukaa mbele ya skrini nyeusi akidhani ubao ni mbovu.

RAM inunuliwe kwa jozi inapowezekana. Vipande viwili vya gigabaiti 8 humpa prosesa njia mbili za kupitishia data kwa wakati mmoja, ilhali kimoja cha 16 humpa njia moja. Tofauti hiyo huonekana hasa pale picha inapotoka katika prosesa, kwa sababu picha nayo hutumia jamvi hilo hilo.

Kuhusu kisanduku cha umeme, tazama kwanza kama kina plagi ya pini 24 ya ubao na ile ya pini 8 ya prosesa. Visanduku vya zamani huwa na pini 4 tu kwa prosesa. Kwa mashine isiyo na kadi kubwa ya picha, wati 450 za kweli zinatosha; tunasema za kweli kwa sababu lebo za visanduku vya bei ya chini hupenda kujisifu. Vile vile, kisanduku cha kale kutoka Marekani huweza kuwa na swichi ndogo nyekundu mgongoni yenye alama za 115 na 230. Umeme wa Kenya ni volti 240. Swichi ikiachwa kwenye 115, mlio utasikika mara moja tu.

Siku ya Kazi

Nakala ya tasnifu iwe mahali pengine pawili kabla ya bisibisi kuguswa. Vile vile, ikiwa Windows imeifunga diski kwa BitLocker, andika ule ufunguo wa tarakimu 48 katika karatasi, kwa maana diski ikiona ubao mgeni itauitisha. Leseni ya Windows nayo huweza kuleta utata. Ile iliyokuja na mashine kutoka kiwandani imefungwa kwa ubao wake na hufa nao, ilhali iliyonunuliwa dukani kando huhama na mwenyewe.

Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa ubao. Cheche ya mwilini ambayo wewe huihisi hata kidogo yaweza kuua chipu. Piga picha za nyaya zote kwa simu, hasa zile nyembamba za kitufe na taa. Prosesa ishikwe kwa kingo zake. Katika mbao za LGA na za AM5, sindano nyororo zimo kwenye soketi. Katika AM4 pini zimo chini ya prosesa. Popote zilipo, moja ikipinda kazi imeharibika. Pembetatu ndogo iliyochorwa kwenye kona ya prosesa ilingane na ile ya soketi, na prosesa itue kwa uzito wake yenyewe bila kusukumwa. Anayeitoa prosesa ya AM4 aiwashe mashine kwa dakika kadhaa kwanza, kisha aizime na kuzungusha kipozeo polepole kabla ya kukiinua, kwani ule uji wa kupitisha joto ukiganda huing'oa prosesa pamoja na kipozeo na kupinda pini zake. Uji wa zamani ufutwe kabisa, kisha mpya uwekwe kiasi cha punje ya njegere. Kuuzidisha hakuongezi ubaridi.

Kabla ya kuulaza ubao ndani ya kasha, hakikisha vile vijiguu vya shaba vinavyouinua vimewekwa chini ya matundu yake pekee. Kijiguu kilichosalia mahali pasipo na tundu hugusa saketi za nyuma. Ikiwa ubao una nafasi nne za RAM nawe una vipande viwili, aghalabu huwekwa katika ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwa prosesa. Kijitabu cha ubao kitathibitisha.

Usifunge kasha mapema. Mashine ya DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza huweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi ikijifunza tabia za RAM yake, na wengi huizima wakati huo wakidhani imekwama. Subiri. Ikishaingia katika BIOS, tazama kama jina la prosesa na jumla ya RAM vinasomeka ipasavyo, washa TPM, na uangalie joto la prosesa likiwa limetulia. Kisha weka programu ya MemTest86 katika flashi, uiwashe mashine kwayo jioni na kuiacha ichunguze RAM usiku kucha. RAM yenye kasoro haiizimi mashine kila mara; wakati mwingine hubadilisha herufi moja ndani ya faili na kuihifadhi hivyo. Sura za tasnifu zirudishwe humo asubuhi, ikiwa hesabu ya makosa imesoma sifuri.